Buta: Seminari ya Undugu Kusini mwa Burundi

Seminari ndogo ya Buta iko katika milima ya Bururi, kusini mwa Burundi. Ni shule ya sekondari ya bweni, mali ya jimbo Katoliki la Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wenye silaha waliivamia, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wakakataa. Arobaini kati yao waliuawa, Wahutu na Watutsi pamoja. Tukio hilo husimuliwa kama ushujaa wa dakika chache, na ushujaa ulikuwapo kweli. Hata hivyo uzito wake hauonekani sawasawa mpaka itazamwe historia ya elimu katika nchi hiyo, kwa kuwa kwa miaka mingi darasa lilikuwa mojawapo ya mahali ambapo Warundi walitenganishwa.

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifungua kituo Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Miaka miwili baadaye watu watatu wa kituo hicho waliuawa na kazi ikakoma. Walirudi kwa kudumu mwishoni mwa karne hiyo, chini ya utawala wa Wajerumani, wakaanzisha misioni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka uliofuata. Wabelgiji walioichukua nchi mwaka 1916 waliwaachia wamisionari karibu kazi yote ya kufundisha. Wakati huohuo walipanga upya utawala wa machifu, na kati ya miaka ya 1920 na 1930 machifu wa Kihutu waliondolewa mmoja baada ya mwingine. Shule iliyopewa heshima kuliko zote ilijengwa Astrida, mji wa Rwanda unaoitwa leo Huye, ikaongozwa na Mabruda wa Upendo kutoka Ubelgiji. Hapo waliandaliwa makarani, matabibu wasaidizi na machifu wa Rwanda na Burundi, na kwa sehemu kubwa waliopokelewa walikuwa wana wa watawala wa Kitutsi.

Mtoto wa mkulima aliyekuwa na akili ya kusoma alibakiwa na njia moja pana kidogo, nayo ilikuwa seminari. Mugera ilipata seminari ndogo mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1936 waliomaliza huko waliweza kuendelea na falsafa na teolojia katika seminari kuu ya Nyakibanda, Rwanda. Seminari nazo hazikuwa huru na fikra za ubaguzi za zama hizo. Ila kipimo chake cha kwanza kilikuwa wito na uwezo wa masomo, ukoo ukifuata nyuma, na hivyo vijana wa makabila yote walikutana humo kwa wingi kuliko katika shule za serikali. Wengi wao hawakufikia upadri. Walitoka wakawa walimu, waganga, wanasiasa na wafanyakazi wa ofisi, na ndiyo sababu historia ya siasa za Burundi haiwezi kuandikwa bila kutaja seminari.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Jimbo la Bururi lilikuwa limeundwa mwaka mmoja kabla, na seminari ya Buta ilianzishwa katika miaka hiyo ya 1960 ili kulihudumia jimbo jipya. Ratiba yake ilifanana na ya seminari ndogo yoyote ya Afrika Mashariki na Kati: kengele kabla ya mapambazuko, sala na misa, masomo, kazi za mikono, michezo, kusoma kwa kimya jioni. Kifaransa kilikuwa lugha ya darasani, Kirundi cha maisha mengine yote. Nidhamu ilikuwa kali na matokeo yalikuwa mazuri. Katika nchi ambayo mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi uliwapeleka sekondari wachache mno, nafasi katika seminari ilikuwa hazina kwa familia nzima, pamoja na familia zisizotarajia kamwe kumtoa padri.

Bururi halikuwa eneo la kawaida. Michel Micombero, aliyeufuta ufalme mwaka 1966, Jean-Baptiste Bagaza aliyempindua mwaka 1976, na Pierre Buyoya aliyempindua Bagaza mwaka 1987, wote watatu walizaliwa Rutovu, katika mkoa huo mmoja, na wote walikuwa maofisa wa jeshi. Kwa Warundi wengi jina la Bururi lilimaanisha madaraka. Lakini palepale ndipo palipowaka moto wa mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi wa Kihutu walishambulia miji ya kusini na ya kando ya ziwa na kuua Watutsi wengi. Jeshi lilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu, na kilichoyatofautisha mauaji hayo na mengine ni namna yalivyowalenga waliosoma. Walimu, makarani, mapadri, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari walitajwa kwa majina yao, wakachukuliwa kwa malori na hawakurudi. Miongoni mwao alikuwamo Padri Michel Kayoya, mwandishi na mshairi mashuhuri kuliko wote wa Burundi ya wakati huo, aliyeuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972.

Matokeo ya mwaka huo katika elimu yalidumu kizazi kizima. Wazazi wengi wa Kihutu walianza kuiogopa shule: kijana aliyeelimika ndiye aliyekuwa ameandikwa kwenye orodha ya kufa. Wengine walikimbia nchi. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, ambako watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Zaidi ya Warundi 160,000 wa kizazi hicho na uzao wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Melchior Ndadaye, aliyekuwa mwanafunzi wa ualimu mwaka 1972, alikimbilia Rwanda na kumalizia masomo huko. Waliobaki Burundi walikuta milango ya sekondari na ya chuo kikuu ikizidi kuwa myembamba kwao, na malalamiko kwamba mitihani ya kuingia sekondari ilisahihishwa kwa kuangalia kabila yalirudiwa kila mwaka.

Kanisa nalo lilibanwa. Serikali ya Bagaza iliona kwamba parokia na shule zake zilikuwa na nguvu isiyodhibitiwa na chama tawala. Wamisionari wengi walifukuzwa, misa za siku za kazi zikawekewa vikwazo, mpango wa Yaga Mukama uliowafundisha watoto wa vijijini katekisimu na kusoma ukafungwa, na mwaka 1986 seminari ndogo zikatwaliwa na serikali. Buyoya alipochukua madaraka mwaka 1987 aliondoa vizuizi hivyo na seminari zikarudi mikononi mwa maaskofu. Ukweli huu una uzito wake kwa habari ya Buta. Seminari iliyorudishwa ilikuwa chini ya askofu, Bernard Bududira, aliyeongoza jimbo la Bururi tangu mwaka 1973 mpaka kifo chake mwaka 2005, na ilikuwa na uhuru wa kuamua yenyewe watoto wake waishi vipi pamoja.

Uhuru huo ulijaribiwa mapema. Ndadaye, yule mkimbizi wa mwaka 1972, alichaguliwa rais mwezi Juni 1993 katika uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia baada ya miongo mitatu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo aliuawa na wanajeshi. Siku hiyohiyo, huko Kibimba katikati ya nchi, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari walikamatwa, wakafungiwa katika kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Zaidi ya 70 walikufa. Mauaji ya Watutsi vijijini yalijibiwa na mauaji ya Wahutu mikononi mwa jeshi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mwaka 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa ndani ya mabweni ya Chuo Kikuu cha Burundi. Shule nyingi ziligeuka kuwa za kabila moja, kwa kuwa waliokuwa wachache katika eneo husika walikimbia. Mwezi Septemba 1996 askofu mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliviziwa njiani akauawa.

Katika hali hiyo Buta iliendelea kuwa na wanafunzi wa makabila yote mawili, wakilala chumba kimoja. Gombera wake, yaani mkuu wa seminari, alikuwa Padri Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu vijana wake, na kumbukumbu zake ndizo zinazoeleza zaidi kilichofanyika. Hakudhani kwamba sala peke yake ingetosha. Kijana mmoja alikuwa amepoteza ndugu kwa panga la jirani wa Kihutu. Wa kitanda cha pili alikuwa amepoteza wake kwa risasi ya askari wa Kitutsi. Na wote wawili walirudi likizo kwenye vilima ambako watu wazima waliwafundisha kuogopana. Kukaa kimya juu ya mambo hayo kungekuwa hatari kuliko kuyasema. Kwa hiyo seminari iliruhusu yasemwe. Wanafunzi walizungumza wazi juu ya historia ya nchi, juu ya 1972 na 1993, kila upande ukisikia maumivu ya upande wa pili kutoka kinywani mwa mtu wanayemfahamu na kumpenda.

Pamoja na mazungumzo hayo kulikuwa na michezo, ngoma za asili, nyimbo na kazi za pamoja, na juu ya yote maisha ya sala. Mpangilio huu unastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayeshughulika na malezi. Upatanisho haukuwa kipindi cha pembeni kilichotengewa saa moja kwa wiki. Ulipita katika meza ya chakula, uwanja wa mpira, kwaya na kikundi cha kujisomea. Kijana aliyesaidiwa hesabu na mwenzake wa kabila lingine, akacheza naye timu moja na kupokea ekaristi pamoja naye kila asubuhi, alikuwa na ushahidi wake mwenyewe dhidi ya uvumi aliousikia nyumbani. Masomo hayakulegezwa kwa ajili ya vita: hoja ya gombera na walimu ilikuwa kwamba mwanafunzi aliyejengwa akili na kufundishwa kupima maneno ni mgumu kuburutwa na wachochezi.

Mwezi Aprili 1997, katika kipindi cha Pasaka, wanafunzi wa madarasa ya juu walifanya mafungo ya kiroho. Gombera anaeleza kwamba walitoka humo na furaha isiyo ya kawaida, wakizungumza juu ya wema wa Mungu na juu ya umoja wao. Siku chache tu zilipita.

Washambuliaji walifika alfajiri ya tarehe 30 Aprili. Walikuwa wapiganaji wa CNDD, kundi la uasi la Wahutu lililoundwa mwaka 1994 baada ya kuuawa kwa Ndadaye. Waliingia katika bweni la wanafunzi wakubwa, vijana ambao wengi walikuwa na umri wa kati ya miaka 15 na 20, wakawaamsha na kuwataka wajitenge kwa makabila. Maana ya amri hiyo ilikuwa wazi kwa kila mmoja. Mhutu angepiga hatua chache na kuokoa maisha yake; alichotakiwa ni kumwacha Mtutsi aliyesimama naye. Amri ilirudiwa, na vijana wakazidi kushikamana. Ndipo risasi na mabomu ya mkono yalipoanza. Walionusurika walisimulia kwamba waliokuwa wakifa waliendelea kusali, kutiana moyo na kuwaombea msamaha wauaji wao. Mmoja wa majeruhi alipomfikia gombera alimweleza kilichotokea kama habari ya ushindi: walikuwa wameambiwa watengane, nao wamekataa.

Tarehe hiyo inagusa jambo jingine ambalo Warundi wa kusini hawakulikosa. Ilikuwa miaka 25 na siku moja tangu kuanza kwa machafuko ya 1972, katika mkoa uleule.

Wiki sita kabla ya Buta, tarehe 18 Machi 1997, jambo la kufanana nalo sana lilitokea Nyange, magharibi mwa Rwanda. Waasi waliingia usiku katika madarasa ya sekondari wakati wanafunzi wakijisomea, wakawataka Wahutu na Watutsi watengane, wakajibiwa kwamba hapo wapo Wanyarwanda tu. Baadhi ya wanafunzi hao waliuawa na wengine kujeruhiwa vibaya. Serikali ya Rwanda iliwatangaza mwaka 2001 kuwa mashujaa wa taifa katika daraja la Imena, wafu na waliobaki hai kwa pamoja. Tofauti ya namna nchi hizi mbili zilivyowakumbuka vijana wao ni kubwa. Rwanda iliwapa vijana wa Nyange heshima ya dola, na habari zao zikafundishwa shuleni kama mfano wa uzalendo. Nchini Burundi, ambako vita viliendelea kwa miaka mingine na ambako chama cha CNDD-FDD, kilichotokana na kundi lile la uasi, kimekuwa madarakani tangu mwaka 2005, kumbukumbu ya Buta imetunzwa hasa na Kanisa.

Vijana hao arobaini walizikwa penye seminari, safu kwa safu, bila kutenganishwa kwa kabila. Kando ya makaburi lilijengwa kanisa la hija lililowekwa chini ya Bikira Maria Malkia wa Amani. Padri Bukuru mwenyewe aliingia maisha ya kimonaki ya Wabenediktini, na monasteri ikaanzishwa hapohapo Buta. Kila mwaka tarehe 30 Aprili mahujaji hufika kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Seminari nayo iliendelea kufundisha, jambo ambalo huenda ndilo lililo gumu kuliko yote: kuwarudisha watoto wa makabila yote katika jengo ambamo wenzao waliuawa kwa sababu ya kukaa pamoja.

Nje ya seminari, safari ya nchi kuelekea amani ilipitia Tanzania, na suala la shule lilikuwa miongoni mwa yaliyozungumzwa. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule za Kikatoliki za St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu kabla ya kuingia siasa, alisimamia usuluhishi wa Burundi tangu mwaka 1996, kwanza Mwanza na kisha Arusha. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi ilichukuliwa na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo ulikubali kwamba ubaguzi katika elimu ni miongoni mwa mizizi ya mgogoro, ukataka shule zigawanywe kwa haki kati ya mikoa na mitihani iendeshwe kwa uwazi. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka mgawanyo wa asilimia 60 kwa 40 kati ya Wahutu na Watutsi katika serikali na bunge. Njia hii inatambua makabila na kuyagawia nafasi, wakati vijana wa Buta walikataa kugawanywa kabisa. Hata hivyo mambo hayo mawili hayapingani sana kama yanavyoonekana. Mgawanyo wa nafasi ulihitajika na watu wazima waliokwisha kupoteza imani wao kwa wao. Wanafunzi wa Buta walikuwa wamepata miaka ya kuijenga imani hiyo bwenini.

Tarehe 21 Juni 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi, mjini Gitega, mchakato wa kuwaombea wafiadini wa nchi hiyo kutangazwa wenyeheri. Orodha iliyowekwa ina makundi matatu. La kwanza ni la Padri Kayoya, aliyeuawa mwaka 1972. La pili ni Waitaliano watatu wa misioni ya Buyengero, mapadri Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert, waliouawa tarehe 30 Septemba 1995. La tatu ni waseminari arobaini wa Buta. Wanaunganishwa na kauli moja, kwamba wote walikufa kwa ajili ya undugu katika Kristo.

Kauli hiyo ndiyo inayopaswa kuthibitishwa, na si jambo jepesi. Kwa desturi ya Kanisa mfiadini ni yule anayeuawa kwa sababu muuaji anaichukia imani. Wavamizi wa Buta hawakuuliza nani Mkatoliki. Waliuliza nani Mtutsi. Wanaotetea hoja ya ufiadini husema kwamba kile vijana walichokilinda kwa uhai wao, yaani undugu unaovuka kabila, ndiyo namna imani yenyewe ilivyoishi katika shule ile, na aliyewaua kwa sababu walikitetea aliipiga imani hiyo. Hoja ya aina hii imekwisha kukubaliwa Roma. Maximilian Kolbe, aliyejitoa kufa badala ya mfungwa mwenzake huko Auschwitz, alitangazwa mwenyeheri mwaka 1971 kama muungama imani, lakini mwaka 1982 Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu akiwa mfiadini. Karibu zaidi na Burundi yupo Floribert Bwana Chui wa Goma, mfanyakazi wa forodha aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe kwa watu. Alitangazwa mwenyeheri na mfiadini mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Kwa upande wa Buta, ushahidi unaokusanywa hauishii kwenye asubuhi ya tarehe 30 Aprili. Unahusu pia maisha ya miaka iliyotangulia: jinsi vijana hao walivyosali, walivyosoma na walivyopatana, kwa kuwa ni humo inapoweza kuonekana kama kukataa kwao kulitoka katika imani. Ufiadini ukithibitishwa, muujiza hautahitajika ili watangazwe wenyeheri.